Kuku mgonjwa: Siku ya kwanza ndiyo inayoamua

KATIKA nyumba nyingi za Tanzania, vijijini na hata pembezoni mwa miji, kuku wa kienyeji ndiye akiba iliyo karibu kuliko zote. Mgeni akifika ghafla, mtoto akihitaji daftari au mgonjwa akikosa nauli ya kwenda hospitali, kuku ndiye anayekamatwa kwanza. Jike mmoja hutaga mayai kati ya 10 na 15 katika mtago mmoja, na akitunzwa vyema huweza kutaga na kuatamia mara tatu kwa mwaka. Hivyo basi, jike anapokufa, mwenye nyumba hapotezi kitoweo cha siku moja tu, bali hupoteza pia vifaranga ambavyo vingetokana naye.

Pamoja na umuhimu huo, kuku anapougua mara nyingi huamuliwa moja kati ya mambo mawili: achinjwe kabla hajafa, au apelekwe gulioni akauzwe haraka. Uamuzi huo huonekana kuwa wa busara, lakini una madhara yake. Anayemchinja huacha damu, manyoya na matumbo uani, mahali wanapodonoa kuku wazima. Anayemuuza hupeleka maradhi katika banda la mwingine. Wapo pia wanaomwacha azurure na wenzake kwa matumaini kwamba atapona mwenyewe, na baada ya wiki moja au mbili banda hubaki tupu.

Ukweli ni kwamba kuku wengi wanaougua wanaweza kupona iwapo watahudumiwa mapema. Hata kwa yale magonjwa yasiyo na tiba, hatua hizo hizo za mapema ndizo zinazookoa kundi lililobaki. Kinachoamua zaidi ni yale yanayofanyika siku ya kwanza, kabla hata ya kufikiria dawa.

Kuku huficha ugonjwa

Kuku ni ndege anayewindwa na wengi, kuanzia mwewe hadi kicheche. Kwa asili yake hujitahidi kuonekana mzima hata anapoumwa, kwa sababu mnyonge ndiye anayenyakuliwa kwanza, na kuku wenzake nao humdonoa na kumfukuza penye chakula. Matokeo yake ni kwamba mfugaji anapobaini kuwa kuku wake amezubaa, mara nyingi ugonjwa unakuwa umekwisha kukaa mwilini kwa siku kadhaa.

Wakati mzuri wa kumtambua mgonjwa ni asubuhi, mlango wa banda unapofunguliwa. Kuku mzima hutoka mbio kwenda kutafuta chakula. Wa kutazamwa kwa makini ni yule anayetoka wa mwisho, anayesimama peke yake huku amejikunyata, manyoya yametimka, mabawa yameshuka na macho yanasinzia. Upanga wake wa kichwani, ambao kwa kawaida huwa mwekundu, huweza kuwa umepauka au kugeuka rangi ya zambarau.

Kuku wa namna hiyo ashikwe na kukaguliwa. Mfupa wa kidari ukichomoza kama ukingo wa kisu, ni dalili kwamba amekuwa akikonda kwa muda mrefu, na huenda tatizo ni minyoo au ugonjwa sugu. Gole, yaani kile kifuko cha chini ya shingo kinachopokea chakula, linapaswa kujaa jioni na kuwa tupu asubuhi. Likikutwa gumu na limejaa alfajiri, limeziba. Mfugaji atazame pia macho, pua, ndani ya mdomo, nyayo, chini ya mabawa na kuzunguka sehemu ya haja.

Kinyesi nacho husema mengi. Kinyesi cha kuku mzima huwa na umbo, rangi ya kahawia au kijivu na ncha nyeupe. Mara chache kwa siku kuku hutoa pia kinyesi laini cha kahawia kinachonata, na hicho si ugonjwa. Kinachopaswa kumshtua mfugaji ni kinyesi cha maji, cha kijani, cha njano au chenye damu.

Hatua ya kwanza: Atengwe

Mgonjwa anapotambuliwa, aondolewe kundini saa hiyo hiyo, bila kusubiri jioni. Tenga, sanduku la mbao au boksi gumu lenye matundu ya hewa linatosha. Liwekwe mahali pakavu, penye kivuli, pasipopita upepo mkali, mbali na banda na mbali na jiko linalopikiwa chakula cha familia. Chini yatandikwe maranda, majani makavu au magazeti ya zamani, na matandiko hayo yabadilishwe kila siku ili kinyesi kiweze kuonekana na kuchunguzwa.

Kumtenga mgonjwa kuna faida tatu. Kwanza, kuku wazima huepushwa na vimelea vinavyotoka katika kinyesi, mate na makamasi yake. Pili, mgonjwa hupumzika bila kudonolewa. Tatu, mfugaji hupata kujua kwa hakika kiasi anachokula, anachokunywa na anachotoa, jambo lisilowezekana akiwa kati ya kuku 20.

Utaratibu wa kuhudumia nao ni muhimu. Kuku wazima wahudumiwe kwanza, mgonjwa awe wa mwisho, na baada ya hapo mikono ioshwe kwa sabuni na viatu visafishwe. Vyombo vyake vya maji na chakula visichanganywe na vya wengine. Siku hiyo hiyo banda lifagiliwe, vyombo vyote vioshwe na kuanikwa juani, na kuku waliobaki waangaliwe mmoja mmoja.

Joto, maji, kisha chakula

Mwili wa kuku una joto kubwa kuliko wa binadamu, takriban nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi. Kuku anayeumwa na asiyekula hushindwa kulilinda joto hilo, ndiyo maana hutimua manyoya na kujikunyata. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa na kuwekwa upande mmoja wa sanduku humsaidia sana, hasa usiku. Iwekwe upande mmoja tu ili aweze kusogea mwenyewe akiona joto limezidi. Akilaza manyoya na kutulia, joto linatosha. Akihema mdomo wazi, limepita kiasi. Jiko la mkaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa, kwani moshi na hewa ya sumu huua kuku na watu pia.

Baada ya joto yafuate maji. Kuku anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji kabla ya kufa kwa njaa. Kwa siku ya kwanza, mfugaji anaweza kumpa mchanganyiko unaotengenezwa nyumbani kwa lita 1 ya maji safi na salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Chumvi isizidishwe, kwa kuwa ikizidi ni sumu kwa kuku. Maji matupu yawekwe pembeni ili achague, na kuanzia siku ya pili arejeshewe maji ya kawaida au yaliyotiwa vitamini za kuku.

Asiyeweza kunywa mwenyewe anyweshwe kwa uangalifu mkubwa. Tundu la hewa la kuku liko nyuma tu ya ulimi, hivyo maji yakimiminwa kwa nguvu huingia mapafuni na kumuua. Njia salama ni kumkalisha wima, kisha kudondosha tone moja moja pembeni mwa mdomo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na kumwacha ameze kabla ya tone linalofuata. Kuku aliyelegea kiasi cha kutoweza kumeza asinyweshwe kabisa.

Chakula hufuata mgonjwa akishapata joto na maji. Kinachofaa ni chakula laini na chenye nguvu: pumba laini zilizoloweshwa, uji mzito wa mtama au mahindi uliopoa, yai lililochemshwa na kupondwa, dagaa waliosagwa kidogo na mchicha uliokatwakatwa. Apewe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, na mabaki yaondolewe kabla hayajachacha. Mahindi yaliyoota ukungu yasitumike hata kidogo, kwa kuwa huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini la kuku na ni hatari pia kwa binadamu.

Kutambua kinachomsumbua

Mgonjwa akiwa ametulia, ndipo mfugaji alinganishe dalili na magonjwa yanayofahamika. Ofisa ugani au daktari wa mifugo ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, lakini maelezo mazuri ya mfugaji humrahisishia kazi.

Mdondo, ambao baadhi ya watu huuita kideri, ndio unaoogopwa kuliko yote. Jina lake la kitaalamu limetokana na mji wa Newcastle upon Tyne nchini Uingereza, ulikotambuliwa mwaka 1926. Kuku huhema kwa shida, hukohoa, huharisha kijani, na baadhi hupooza miguu na mabawa au kupinda shingo. Kuku wengi huugua kwa wakati mmoja, na katika kundi lisilochanjwa karibu wote huweza kufa ndani ya siku chache. Mdondo husababishwa na virusi na hauna dawa. Wachache hunusurika kwa matunzo, ingawa baadhi yao hubaki na shingo iliyopinda. Anayewahudumia asiguse macho yake, kwa kuwa virusi hivyo huweza kumsababishia binadamu macho mekundu kwa siku kadhaa.

Kuhara damu huwapata zaidi vifaranga na kuku wanaokua, hasa banda likiwa na unyevu. Husababishwa na vimelea vinavyoshambulia utumbo. Ugonjwa huu una tiba: dawa ya amproliamu, ambayo huchanganywa katika maji kwa siku kadhaa kama kibandiko kinavyoelekeza, pamoja na kuondoa matandiko yote yaliyolowa.

Mafua ya kuku hujulikana kwa uso kuvimba, macho kutoa machozi na kufunga, na pua kutoa makamasi yenye harufu mbaya. Huletwa na bakteria, hivyo dawa za viuavijasumu husaidia. Macho yasafishwe mara mbili kwa siku kwa pamba na maji ya uvuguvugu. Aliyepona huweza kubaki na vimelea mwilini na kuwaambukiza wenzake, jambo ambalo wafugaji wengi hawalitilii maanani.

Homa ya matumbo nayo ni ya bakteria. Upanga hupauka, kuku huharisha njano au kijani na kufa mmoja mmoja kwa muda mrefu. Kwa kuwa maambukizi hupita hata katika mayai, jike aliyeugua ugonjwa huu asitumike tena kuangulia vifaranga.

Ndui huonekana kwa vipele na magamba juu ya upanga, kope na ndevu. Huenezwa na mbu. Hakuna dawa ya kuua virusi vyake, lakini ndui ya juu ya ngozi mara nyingi hupona yenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne, kuku akilishwa vizuri na vipele vikipakwa ayodini ili visioze. Ikiingia mdomoni na kooni ni hatari zaidi, kwa sababu humzuia kuku kula na kupumua.

Minyoo, viroboto, chawa na utitiri huua polepole. Kuku hukonda huku anakula, na upanga hupauka. Dawa ya piperazini huondoa minyoo ya mviringo lakini haiui tegu, hivyo ni vyema kuuliza kabla ya kununua. Viroboto waliong'ang'ania kuzunguka macho hupakwa mafuta ya mgando, ambayo huwanyima hewa. Utitiri mwekundu hunyonya damu usiku na kujificha mchana katika nyufa za banda. Kumtibu kuku bila kusafisha nyufa hizo ni kazi bure.

Yai kukwama si ugonjwa wa kuambukiza, lakini huweza kuua jike ndani ya muda mfupi. Kuku husimama wima, hujikamua na kuingia kiotani mara kwa mara bila kutaga. Akalishwe katika beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 hadi 20, akaushwe vizuri, apakwe mafuta laini sehemu ya haja, kisha aachwe mahali penye joto na giza. Yai lisivunjwe ndani, kwa kuwa maganda yake hukata. Lisipotoka, daktari wa mifugo aitwe bila kuchelewa.

Dawa zitumike kwa utaratibu

Kosa linalofanywa na wengi ni kununua kiuavijasumu chochote kilichopo dukani au kumpa kuku vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baada ya mtu kuugua. Viuavijasumu haviui virusi. Kuku mwenye mdondo au ndui haponi ugonjwa wenyewe kwa dawa hizo. Aidha, dawa ikitolewa kwa kipimo kidogo au ikikatishwa siku ya pili kwa sababu kuku amechangamka, bakteria waliobaki huwa sugu, na usugu huo huweza kuwafikia binadamu wanaotegemea dawa za aina hiyo hiyo.

Dawa inunuliwe katika duka la pembejeo za mifugo linalotambulika, kipimo kifuatwe na siku zote zikamilishwe. Maji yenye dawa yatengenezwe upya kila siku. Dawa za jamii ya tetrasaiklini zisichanganywe na maziwa wala madini ya chokaa, kwa kuwa hupunguza nguvu yake.

Jambo jingine ni siku za kusubiri. Kila dawa ina muda ambao nyama na mayai ya kuku aliyetibiwa havipaswi kuliwa wala kuuzwa, na muda huo huandikwa kwenye kibandiko. Mwenye kuku atunze daftari dogo na kuandika jina la dawa, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza.

Kuhusu dawa za asili, majani ya mshubiri, mwarobaini na pilipili hutumiwa na familia nyingi. Hata hivyo, hakuna kati ya hizo inayoweza kuchukua nafasi ya chanjo ya mdondo, na kuku asiyekula hasaidiki kwa maji machungu yanayomfanya aache hata kunywa. Majivu makavu na mchanga, kwa upande wake, vina faida ya wazi: kuku hujigaragaza humo na kupunguza chawa.

Kumrudisha kundini

Dalili za kupona hufuatana kwa mpangilio. Kwanza kuku hunywa mwenyewe, kisha hula, halafu huanza kujisafisha manyoya. Kinyesi hurudia hali yake, upanga hurejesha wekundu, na mwishowe huanza kupiga kelele akitaka kutoka. Akionyesha dalili hizo, asubiriwe walau wiki moja zaidi akiwa ametengwa, kwani anaweza kuwa bado anatoa vimelea.

Kuku wana ngazi za ukubwa kati yao, na aliyekosekana siku nyingi hupokewa kama mgeni. Ni vyema tenga lake liwekwe karibu na wenzake kwa siku mbili au tatu waonane bila kugusana, kisha aingizwe bandani jioni wanapolala. Chakula kiwekwe sehemu zaidi ya moja ili asizuiwe. Mayai yasitarajiwe mara moja. Mwili hujenga nyama kwanza, na utagaji huweza kuchukua wiki kadhaa kurudi.

Pale tiba inaposhindikana

Si kila mgonjwa anafaa kuendelea kutibiwa. Kuku asiyeweza kusimama, asiyemeza na asiyeonyesha nafuu yoyote baada ya siku tatu za matunzo mazuri anateseka, na kumkatisha maisha haraka ni huruma. Mzoga wake usiliwe, usitupwe jalalani wala kupewa mbwa. Uchomwe moto au uzikwe katika shimo refu, mbali na kisima.

Vifo vya ghafla vya kuku wengi kwa pamoja, hasa vikiambatana na vifo vya bata au ndege wa porini, vitolewe taarifa mara moja kwa ofisa mifugo wa kata. Homa kali ya mafua ya ndege ya aina ya H5N1 iliripotiwa kwa mara ya kwanza barani Afrika mwaka 2006 nchini Nigeria, na mwaka 2017 aina ya H5N8 iligunduliwa nchini Uganda, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Katika hali hiyo hakuna kuku wa kuuguzwa nyumbani, na watoto wasiruhusiwe kuwagusa.

Kinga inayogharimu kidogo

Mfugaji aliyemuuguza kuku mmoja kwa wiki mbili huelewa haraka kwa nini chanjo ni nafuu. Chanjo ya mdondo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia na ambayo imekuwa ikitengenezwa pia Tanzania, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, ingawa nayo yapaswa kuhifadhiwa mahali pa baridi na gizani. Kila kuku, mkubwa kwa mdogo, huwekewa tone moja katika jicho moja, na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Wachanjwe wakiwa wazima, tena kabla ya msimu wa ugonjwa, kwa sababu chanjo haimponyi aliyekwisha kuambukizwa. Ndui nayo ina chanjo yake, ambayo huchomwa kwenye utando wa bawa.

Kuku mgeni, awe wa zawadi au wa mnadani, akae peke yake kwa wiki mbili hadi nne kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Lile tenga lililotumika kumuuguza mgonjwa lioshwe kwa sabuni na dawa ya kuua vimelea, lianikwe juani, kisha litunzwe. Siku kuku mwingine atakapotoka bandani wa mwisho huku macho yakisinzia, liwe tayari.